Tuta la Mwisho la Nyanya

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, Embu ya juu, nikateremka moja kwa moja hadi kwenye chemchemi yetu. Nikatia mkono kwenye tundu la jiwe ambamo maji yalikuwa yakitokea. Nikatoa udongo mkavu. Wifi yangu, mjane wa kaka, alikuwa amesimama nyuma yangu na mtungi mtupu. "Mvua hizi zikipita bila maji kurudi, mimi nahama, wifi," akasema. "Nimechoka kabisa." Akihama yeye, rafiki yangu, boma letu limefungwa. Hakuna mwingine aliyebaki.

Laiti ungeyaonja maji yale! Tuliyafuata alfajiri, umande ukitulowesha miguu, na yalikuwa baridi hadi meno yanauma. Kando yake nyanya yangu, mama yake baba, alipanda nduma, majani mapana ya kutosha kujikinga mvua, na jioni zikichemka jikoni hatukutulia mpaka sufuria ipakuliwe. Hata kiangazi, wakati watu wa Mbeere kule chini wanahangaika na mifugo yao, kwetu maji yalitoka manene kama mkono wangu.

Siri yake ilikuwa huko juu mteremkoni. Shamba lote lilikatwa kwa matuta, moja juu ya jingine, kila moja na mtaro wake. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka, yakafika kwenye tuta, yakasimama. Sisi watoto tuliyachezea. Kesho yake yalikuwa yamezama yote ardhini, na nyanya alikuwa akisema, "Hayo tutayanywa kiangazi."

Lakini matuta yale yalichimbwa wakati wa mkoloni, kwa lazima, kwa kiboko. Nyanya aliyachimba akiwa amenibeba mimi mgongoni. Kwa hiyo uhuru ulipokuja, watu walifanya nini? Waliyabomoa! Kwa nyimbo na vigelegele. Baba aliita majirani, wakateremka na majembe, tuta baada ya tuta, na sisi watoto nyuma yao tukikanyaga udongo na kucheka. Hakuna aliyefikiria maji siku ile.

Tuta la mwisho, lile lililo juu ya chemchemi, nyanya alilikalia. Kitako! "Mimi ndiye niliyepigwa nikiyachimba," akasema. "Na mimi ndiye ninayewaambia myaache." Baba akacheka: "Mama, mkoloni ameondoka, na wewe bado unamtumikia?" Hakubanduka. Basi mimi, binti wa miaka minane, mpenda sifa, nikaja mbio nikipiga kelele, "Nyanya, ng'ombe ameingia kwenye nduma!" Akainuka, akakimbia na fimbo yake. Ng'ombe hakuwepo. Aliporudi, tuta lilikuwa limesawazishwa. Aliniangalia tu. Hakunigombeza, na afadhali angenichapa.

Mvua ya kwanza haikusimama popote. Iliteremka nyekundu, ikabeba maharagwe yetu na udongo wake, ikaziba chemchemi kwa tope. Nyanya alilizoa tope lile kwa mikono, msimu baada ya msimu, mpaka alipofariki. Maji yakapungua kutoka unene wa mkono hadi kidole, kutoka kidole hadi matone, pole pole, hata ukajidanganya kwamba ni kiangazi tu. Udongo wetu uliingia mtoni, na mto unaingia Tana. Udongo wa shamba la baba sasa umelala chini ya maji ya bwawa la Kiambere, huko huko Tana.

Nimeanza kuchimba upya, na magoti yangu haya mabovu. Nimemaliza tuta moja tu, pale pale alipokaa yeye. Jana mvua ikanyesha, nikatoka kuangalia. Maji yakaja kwa kasi, yakafika kwenye tuta langu, yakasimama. Mungu wangu, yalisimama! Nikamwita wifi kwa sauti yote niliyo nayo. Kisha ukingo ukapasuka. Nikajitupa kwenye ule mwanya, nikaketi, nikaukinga kwa mgongo wangu, huku nalia. Maji yakanipita kushoto na kulia, mekundu, yakaenda zake.

Wifi akatokea mlangoni. "Inuka, wifi, utakufa kwa baridi!"

Nikamwambia siinuki. Akarudi ndani kufunga mizigo yake.