Sauti ya Mama Eli kwenye Sinema ya Isale

Siku yangu ya kwanza studio, pale mtaani kwetu Soweto, Mkurugenzi wa studio alinisogezea kinanda cha umeme akasema: "Mtu akilia, weka fidla. Akikimbia, weka ngoma. Usijitie utaalamu." Nimebishana na maneno hayo maisha yangu yote ya kazi.

Nyie vijana mnadhani muziki wa sinema ni kubonyeza tu. Hapana! Nilikuwa nazunguka vihambani, kwenye migomba ya watu, na kinasa sauti: nanasa maji ya mfereji, matarumbeta ya usharika kanisani, panga likikata majani ya ng'ombe. Kisha kwenye kompyuta naipunguza kasi kila sauti, naichanganya na mlio mzito wa sinthesaiza, mpaka hujui mtu ni yupi na mashine ni ipi.

Sinema yangu ya mwisho ilihusu kijana anayempelekea baba yake isale, ule mmea wetu wa kuombea msamaha. Ukiletewa, huwezi kukataa. Hapo nilitumia sauti ya marehemu mke wangu, Mama Eli, akimwita ng'ombe wetu toka mlango wa jikoni, nyumbani Shirimatunda. Kinasa sauti kilishaharibika, kwa hiyo nakala ilibaki moja tu, kwenye kompyuta ya studio.

"Mzee, hii inaboa," akasema Dairekta, mwongozaji wetu. "Weka ngoma!"

"Ngoma kwenye isale? Anaomba msamaha au anakwenda vitani?"

Siku ya uzinduzi, kijana akanyanyua tawi la isale, na ngoma zikalipuka. Ukumbi mzima ukacheka. Mama mmoja akauliza, "Kwani anataka kumchapa baba yake?" Nikamfuata Dairekta anirudishie sauti yangu. Jamani! Alikuwa ameifuta, eti kompyuta imejaa.

Nikastaafu siku hiyohiyo.

Wiki iliyofuata, asubuhi, huyo hapo mlangoni, kashika isale kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Nimekosa."

Sasa nifanyeje? Nilitamani kumfukuza na tawi lake. "Marahaba," nikasema, nikalipokea, huku machozi ya hasira yakinitoka. Nikalichomeka karibu na dirisha, nalo, kwa kuniudhi zaidi, likaota.

Nimemsamehe, ndiyo. Ila jioni nikimwita ng'ombe, haji. Anageuza shingo, anaangalia mlango wa jikoni, anasubiri aitwe na mwenyewe. Na mimi sina cha kumsikilizisha.