Maneno ya Muhindo Aliponidhania Mwingine

Nakumbuka Jumapili moja huko Butembo, wakati wa vita, tulipotoka kwenye nyumba ya video ya mtaa wa Kimemi macho yakiwa mekundu kwa kulia. Katika filamu ile kijana alipiga magoti mbele ya msichana akamwapia mapenzi, kumbe alimdhania kuwa pacha wa msichana huyo. Binamu yangu alisema kijana yule ni mwongo. Mimi nikasema hapana, mtu halii vile kwa uongo. Juzi, mjukuu wangu, nilipokusikia wewe na wenzako mkibishana juu ya jambo lilo hilo, nilinyamaza, kwa sababu jibu langu ni refu.

Kwetu Wanande binti wa kwanza huitwa Masika, kwa hiyo nyumbani kwa mjomba tulikuwa Masika wawili. Mmoja alikuwa binamu yangu huyo, binti yake wa kumzaa, na mjomba alikuwa na malori. Wa pili nilikuwa mimi, niliyekimbia kutoka kijijini upande wa Beni waasi walipoingia. Nilipotezana na mama barabarani, katikati ya watu na mbuzi na magodoro. Binamu alinigawia nguo zake, ndizo nilizovaa siku zote.

Kijana mmoja, Muhindo, alifanya kazi Kasindi, mpakani, pamoja na wale wanaoshughulikia karatasi za mizigo. Siku moja alileta habari za malori, akamsikia Mama Masika, mke wa mjomba, akiita, "Masika!" Nikatoka mimi. Tangu hapo akawa anapitia kwetu hata kama malori hayana habari. Kisha, watu wakitoka kanisani, aliniita pembeni.

"Masika, mi nakupenda," alisema. "Hata vita ifike hapa, sitakuacha. Nitakuya kusema na papa yako, mwenye malori."

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Hapo ndipo nilipoelewa amenidhania nani. Nilitamani kunyamaza, mwanangu, sikufichi. Tangu nifike mjini hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia vile.

Nilimweleza Mama Masika tukimenya mihogo. Hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Ile maneno alisema, alisema na nani? Na weye, ao na mutoto yangu?"

"Sijui, mama."

"Hata yeye hajui. Donc, basi, umuambie uko nani, kisha umusikilize tena. Usiogope akienda. Akienda, si weye amekuacha."

Alipokuja tena nilimwambia yote, palepale mlangoni. "Mi hapana mutoto ya hii nyumba. Papa alikufa. Mama, sijui kama iko muzima."

"Mama yako anaitwa nani?" Muhindo akauliza. "Mulipotezana wapi?"

Nikamjibu. Akaaga, akaenda zake bila neno hata moja la mapenzi. Nililia hadi binamu akaja kukaa nami sakafuni.

Mvua za msimu ule ziliisha kabla sijamwona tena. Kumbe alikuwa akiwauliza madereva, akiwauliza wauza samaki wa Kyavinyonge na wakimbizi waliopita Beni. Alirudi asubuhi moja amekonda, akasimama mlangoni.

"Sema tu," Mama Masika alimwambia kwa upole.

"Nimemupata. Lakini ni kaburi."

Mama yangu aliugua njiani akafa, na waumini wa parokia moja karibu na Beni ndio waliomzika. Barabara ilipotulia, Mama Masika na Muhindo walinipeleka. Udongo ulikwisha kuota majani. Nilipiga magoti. Muhindo alivua kofia, akasema na udongo ule kana kwamba anamjibu mtu:

"Mama, niko Muhindo. Nilichelewa kumujua mutoto yako. Sasa namujua."

Huyo ndiye babu yako. Miaka mingi baadaye, mvi zikiwa zimetujaa, nilimwuliza kama siku ile ya kanisani alinidanganya. Alifikiri, akasema, "Hapana. Maneno ilikuwa ya kweli. Lakini haikukuwa yako bado."

Basi, mwanangu, usiwe na haraka ya kumwita kijana wa filamu mwongo. Huenda moyo wake ulisema kweli. Ila wewe usiyapokee maneno ya mtu asiyejua anasema na nani. Mwambie jina lako, mwambie kwenu, na msiba wako usimfiche. Kisha umwangalie wakati amenyamaza, uone anafanya nini. Akiondoka, mwache aende kwa amani, wala usijidharau. Akibaki na kuuliza habari za watu wako, msikilize vizuri.

Mungu akupe mtu atakayekujua na bado abaki. Akulinde katika barabara zetu hizi, aibariki nyumba utakayoijenga, na watoto wako wasione vita.