Walinifunga Bandeji Kabla Sijaumia

Ninaandika kwa ajili yenu mliolala vitandani, mnaotazama dari na kujiuliza kama mtainuka. Mimi niliinuka. Namna nilivyoinuka sijaielewa vizuri mpaka leo, lakini nitaisema kama ilivyokuwa.

Katika miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, nilikuwa mfagiaji wa dispensari pale Baraka, kando ya ziwa. Nilikuwa na mke, Mama Riziki, na shamba la mihogo. Afya nilikuwa nayo tele. Kasoro yangu ilikuwa kelele: nikichomwa mwiba, majirani wote walijua. Ndiyo maana askari wa ndege walipokuja na helikopta yao na kuomba mtu wa kujifanya majeruhi, muuguzi wetu Wilondja alinitaja mimi, na dispensari nzima ikacheka.

Askari wale walikuwa wanajifunza kubeba wagonjwa, na pia kutua kwa dharura: rubani anazima injini huko juu, ndege inashuka huku mapanga yake yanazungushwa na upepo tu. Wilondja alinifunga vijiti na bandeji mguu wa kushoto, akamwagia dawa nyekundu ifanane na damu. Akanifundisha niseme nimevunjika mguu wa kushoto, na nilie sana. Wakanilaza kwenye kitanda cha bati kilichoshikizwa ubavuni mwa helikopta, upande wa nje, wakakaza mikanda.

Mara ya kwanza tulishuka salama. Nililia vizuri, watu wakapiga makofi. Mara ya pili injini ilizimwa, nikaona ziwa mahali pa mbingu. Mkia uligonga chini. Kitanda changu kikachomoka na mimi ndani yake, kikajibamiza kwenye ardhi.

Nilipofumbua macho, kinywa kilijaa udongo na damu, na suruali ilikuwa imelowa mkojo. Rubani alikuwa anatambaa, uso umechanika, na watu wakamkimbilia yeye. Mimi walinitazama tu, wakingoja nilie. Sikuweza. Nilijiuliza kama haya bado ni mazoezi, na ni nani ataniambia yamekwisha.

Mama Riziki alijipenyeza kati ya watu. Wilondja alimtuliza, akasema nafanya kazi niliyopewa.

“Uyu bwana yangu, mi namujua,” alimjibu. “Akiumia kidogo anapiga makelele. Sasa ananyamaza. Iko mubaya.”

Wakanipakia kwenye lori kunipandisha mlimani, hospitali ya Fizi. Kwenye kila shimo, wanaume wawili waliushika ule mguu mwekundu kama yai, na ule mwingine ukawa unagongagonga mbao za lori. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia washike wa kushoto, kama nilivyofundishwa. Njiani mke wangu alipitisha kidole kwenye ile damu, akainusa, akasikia harufu ya dawa, akafungua bandeji yote. Mguu mzima, hata mkwaruzo hauna. Ndipo alipoangalia wa kulia: paja limevimba mpaka suruali inabana, wayo umegeukia nje.

Daktari alisema ni mfupa wa paja. Waliuvuta ule mguu kwa kamba na mfuko wa mawe mwisho wa kitanda, nikalala hivyo majira yote ya mvua. Mgongo ulitoa vidonda, nikanuka, homa ikaja na kuondoka. Na jambo lililowachanganya wote, mimi wa kwanza, ni kwamba maumivu yangu yalikuwa kushoto. Wilondja aliponitembelea nilimwomba anifunge tena bandeji. Alikaa chini akalia.

Mfupa ulipounga, daktari aliniambia nisimame. Mguu wa kulia ulikuwa bado mwembamba, kwa hiyo uzito wote ulipaswa kuwa kushoto. Nikakataa. Nilisema huo umevunjika. Alinibonyeza, akanikunja goti, akanionyesha picha ya mifupa yangu, nami niliiona na sikuiamini. Akamwambia mke wangu waziwazi kwamba nisipokanyaga, nyama za miguu zitakwisha, nami nitabebwa maisha yangu yote.

Niliogopa sana. Niliwaza mtoto wetu Riziki akikua na kunibeba kama mzigo. Hata hivyo mguu uliniuma, na maumivu hayabishani na mtu.

Mama Riziki alikaa pembeni ya kitanda. Hakubembeleza.

“Ile bandaji ni mi niliifungua na mikono yangu,” alisema. “Nilikuta mufupa iko muzima. Basi sema, mi nadanganya?”

Sikuwahi kumkuta na uongo hata mmoja. Nilishusha miguu sakafuni nikiwa na hakika kwamba nitavunjika, nikasimama juu ya mguu wa kushoto kwa sababu ya neno lake tu. Ulinichoma mpaka kwenye nyonga. Haukuvunjika. Kesho yake nilisimama tena, na baada ya wiki kadhaa niliteremka Baraka kwa fimbo.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Wilondja pia, maana alinisaidia kulima msimu ule. Na wewe uliyelala, nikushauri: ukiwa na mtu asiyekudanganya, mwache akuangalie pale ambapo wewe huwezi kujiangalia.

Hata sasa mvua ikikaribia, mguu unaoniuma ni wa kushoto. Mama Riziki ananiuliza ni upi, namwambia. Kisha anachukua mafuta ya mawese, anausugua wa kulia, na mimi napata usingizi.