Fundi wa Uani

Jirani yetu hapa Nsemulwa alianza uhunzi ukubwani, baada ya kupunguzwa kazi serikalini. Fuawe lake la kufulia chuma ni kipande cha reli, na karakana yake ni nyuma ya jiko la mkewe. Akigonga chuma hutoa ulimi. Akiharibu, huurudisha haraka, na kosa huwa la mtu mwingine. Kulabu yake ikinyooka ukutani, koti lako ndilo zito. Koleo lake likiangusha kaa, wewe ndiye hujui kushika.

Jumamosi mzee Manyanda, mfugaji wa Magamba, alikuja amefura: kengele aliyotengenezewa hailii, na ng'ombe aliyeivaa hajulikani alipo tangu asubuhi. Jirani akaweka nyundo chini, akajifuta mikono kifuani taratibu. "Mzee wangu, kengele ile hata ng'ombe awe Kasekese utaisikia."

"Jamani, mahindi yangu!" mkewe akapiga yowe.

Tukageuka. Nyuma yetu kabisa ng'ombe alikuwa anamalizia mstari wa tatu, kengele ikiyumba shingoni bila sauti yoyote. Jirani akamtazama, akatoa ulimi, akaurudisha.

"Mzee Manyanda," akasema, "ng'ombe wako hajui kutembea."