Kosa la Baridi Aliligundua Nani

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyetunga msemo huo hakuwahi kutafuta kazi ya teknolojia katika mji wa theluji wa Oulu akiwa na miaka hamsini na saba. Tuulikki Ravaska aliishi kwa imani hiyo tangu utoto, maana kwao husemwa kwamba anayejisifu ananuka, na tazama imani ilikomfikisha.

Kiwanda cha simu alichokitumikia miaka ishirini na sita kilishafungwa. Sasa barua ya ofisi ya ajira ilikuwa mezani: asipopata kazi mwezi huu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao aripoti karakana ya wasio na ajira, akabomoe simu mbovu kwa koleo, la sivyo posho inakatwa. Simu zenyewe ni zile zile alizokuwa akizipima. Alishindwa kumweleza mumewe, Reino, akamsogezea barua asome mwenyewe.

Bahati ikajitokeza moja. Kampuni inayotengeneza vifaa vya kupimia theluji ilitaka mtu anayejua kwa nini vitu hufa kwenye baridi. Ofisi ya ajira ikampa mwalimu wa kumsaidia kuandika wasifu, kijana aitwaye Kasperi, mwenye ulimi usio na breki.

"Mama, hapa umeandika 'tuligundua kosa la baridi'. Nyie kina nani?"

"Kikundi chetu."

"Mlikuwa wangapi mlipoligundua?"

Tuulikki akatazama viatu vyake. Mwaka ule simu zilikuwa zinazimika zikipigwa na baridi kali, na mainjinia wote walikuwa wameshakata tamaa. Yeye alizibeba akaziweka kwenye banda la kuni nyumbani kwake, akakaa nazo wiki tatu, koti juu ya koti, mpaka akagundua kwamba gundi ya kipande kimoja kidogo ilikuwa inasinyaa.

"Bandani nilikuwa peke yangu," alikiri. "Lakini ripoti tuliitia sahihi watu tisa. Tukala keki."

"Keki!" Kasperi alijishika kichwa. "Umejinyonga kwa herufi mbili, mama. Futa 'tu', weka 'ni'. Ukurasa mzima."

Nyumbani alifanya mazoezi mbele ya Reino. Nili, nili, neno likamkwama.

"Unakohoa kama paka mwenye mwiba kooni," Reino alimcheka. "Na hao watakuajiri?"

Siku ya usaili alikuta watu wawili, na kahawa na maandazi mezani. Mmoja alikuwa mkuu wa kampuni, Eevi Lintula, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Wa pili ni injinia mkuu, Pertti Haapsaari. Tuulikki alimjua vizuri sana, maana walikaa meza jirani kiwandani miaka kumi na moja, na Pertti alikuwa mmoja wa wale tisa. Pertti akampa mkono bila kumtazama.

"Hili kosa la baridi," Eevi alianza. "Wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Tuulikki akavuta pumzi. "Niliziweka simu kwenye banda langu. Nilizipima wiki tatu. Niligundua kuwa ni gundi."

Likatoka lote, safi, na moyo ukamwenda mbio kwa furaha. Kazi aliiona ile pale, karibu kuishika.

Eevi akamgeukia mwenzake. "Ajabu. Pertti, si hii ndiyo kazi iliyotufanya tukuchukue? Uliniambia uligundua wewe."

Pertti alikodolea macho andazi lake, masikio yamemwiva kama katoka kwenye chumba cha mvuke.

Jamani, hapo mtu mwenye akili zake angefumba mdomo tu. Lakini Tuulikki tangu azaliwe hakuweza kukaa chumba kimoja na mtu anayeaibika. Alimhurumia. Nilipohadithiwa nilitamani kumzaba kibao, kwa jinsi ninavyompenda.

"Tulikuwa pamoja," alisema. "Tuligundua. Tulikuwa tisa."

"Kwa hiyo si wewe?"

"Ilikuwa kazi ya wote."

Eevi akaandika mstari mmoja kwenye karatasi yake, akashukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Ijumaa jibu likaja. Wamechukua mtu mwingine, kwa kuwa mwombaji hakuweza kueleza mchango wake binafsi. Chini kulikuwa na sahihi ya Pertti Haapsaari.

Kabla hajaikunja barua simu ikalia. Ni Pertti mwenyewe.

"Tuulikki, ulinisitiri. Nashukuru kwa dhati."

"Na barua hii?"

"Eevi aliniachia mimi niamue. Ungekuwa ofisini ningekuona kila asubuhi. Ningeishije mimi?"

Tuulikki alikaa kitako kwenye kiti cha mlangoni. Hasira zilimpanda, lakini sauti yake ilitoka ndogo. "Na mimi nitaishije, Pertti?"

Pertti alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa.

"Wewe umezoea," alisema, kisha akamtakia wikendi njema.

Jumatatu saa mbili asubuhi Tuulikki alipewa aproni, glavu na koleo, na kreti yake ya kwanza ya simu mbovu.