Mama Hoja: Afundisha kutetea pande zote mbili, sasa hakuna anayemwamini

Asubuhi bado changa, na Mama Hoja ameshakagua mlango wa darasa lake mara mbili. Anajaribu komeo la ndani, anasukuma, anavuta, kisha anaisogeza meza ya mwalimu hadi karibu na mlango. Akigundua kuwa mwandishi anamtazama, anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

"Usinishangae," anasema. "Zamani mlango huu nilikuwa nauacha wazi hewa iingie. Siku hizi hata hewa yenyewe naiogopa."

Chumba kiko ghorofa ya pili. Madawati ni ya mbao, yamechorwachorwa kwa wembe na vizazi vya wanafunzi waliochoshwa na mihadhara, na feni ya darini inazunguka huku ikilalamika. Mbele kuna viti viwili vinavyotazamana, na kati yake, juu ya stuli, kengele ya mkono. Ukiongeza kofia kuukuu ya mume wake, hivyo ndivyo vifaa vyake vya kazi.

Mama huyu wa watoto watatu anafundisha somo la hoja na mdahalo chuo kikuu kwa karibu miaka ishirini sasa. Wanaosomea sheria wamepita mikononi mwake, wauguzi wamepita, hata wahandisi ambao, kwa maneno yake, "huja wakidhani kubishana ni kupandisha sauti, na huondoka wakiwa wamejifunza kunyamaza kwa makusudi." Jina la Mama Hoja alipewa na wanafunzi. Lake halisi hata mlinzi wa getini halijui.

Namna yake ya kufundisha haipatikani kwenye kitabu chochote. Mwanafunzi anatia mkono ndani ya kofia na kuchomoa kikaratasi. Kimeandikwa "Naunga" au "Napinga." Ulichochomoa ndicho utakachokitetea, upende usipende. Katikati ya hotuba kengele inalia, unahamia kiti cha pili, na unaanza kuyabomoa maneno yako mwenyewe.

Kuna sharti moja ambalo halikuwahi kuwa na mjadala. Kabla ya kengele ni marufuku kusema, "Mimi binafsi siamini haya."

"Ukisema hivyo umejiachia mlango wa nyuma," anaeleza. "Na mtu mwenye mlango wa nyuma hapigani sawasawa. Nilitaka wapigane."

Sharti hilo ndilo linalomkosesha usingizi leo.

Mwezi uliopita aliwapa mada iliyokuwa midomoni mwa watu wote mjini: soko la zamani libomolewe. Halmashauri inataka kulivunja ijenge jengo la ghorofa, wafanyabiashara hawataki hata kusikia. Aliyechomoa kikaratasi siku hiyo alikuwa binti wa mwaka wa pili ambaye wenzake humwita Redio, kwa utani tu, maana mwaka wa kwanza wote hakufungua kinywa darasani.

Redio alichomoa "Naunga."

Ambacho mwalimu hakukijua siku hiyo ni kwamba mama yake Redio anauza vitunguu ndani ya soko hilohilo, na kwamba vitunguu hivyo ndivyo vilivyomfikisha binti chuo kikuu. "Hakuniambia," anasema Mama Hoja, akiivuta saa yake ya mkononi kama inayombana. "Angeniambia vipi? Mimi ndiye niliyemfundisha asiseme."

Siku ile Redio alizungumza kama aliyepandwa na kitu. Alisimulia moto uliounguza vibanda, jinsi gari la zimamoto lilivyokwama kwenye vichochoro. Alisimulia maji machafu, na watoto wachanga wanaolazwa chini ya meza za biashara.  Nyuma kabisa kijana mmoja alikuwa akirekodi kwa simu.

Kengele ilipolia darasa lililipuka kwa makofi. Mwenye simu naye akaiweka mfukoni ili apige makofi kama wenzake. Video ikaishia hapo. Redio akahamia kiti cha pili na kulitetea soko, lakini nusu hiyo haikurekodiwa na mtu yeyote.

Jioni hiyo video ilikuwa imeshafika sokoni, imeruka simu kwa simu. Juu yake mtu ameandika kuwa binti wa Mama Vitunguu anataka soko livunjwe. Kesho yake mama mtu alikuta magunia yake yamemwagwa mferejini. Jirani zake wa miaka mingi walikuwa wamegeuza vigoda vyao kumpa mgongo. Binti naye akaanza kupokea ujumbe kwenye simu: tunakujua, tunajua unapolala.

Kisha kundi la watu likafika getini mwa chuo kumuulizia mwalimu anayefundisha watoto kuwauza mama zao. Mlinzi aliwadanganya kuwa yuko likizo. Mwenyewe alikuwa ndani ya choo cha wanawake, amejifungia, anasikiliza.

"Nilijificha chooni," anakiri. "Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu."

Alipopata nguvu alikwenda sokoni mwenyewe kueleza. Mume wake alimsihi asiende, hakumsikia. Mwenyekiti wa soko, mzee mpole anayeuza kamba na ndoo, alimpa kigoda na kumwacha aeleze yote: kofia, vikaratasi, kengele, viti. Hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mzee aliuliza swali.

"Mwalimu, kazi yako si kuutetea upande wowote utakaopewa?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Sasa leo umepewa upande gani?"

 Mama Hoja anasema aliinuka kwenye kigoda, akaaga, akaondoka watu wakimtazama. "Maisha yangu yote nimefundisha watu kujibu. Swali lile sijalipatia jibu hadi leo. Nikisema nasema kweli, ndivyo angesema hata mwongo aliyefunzwa vizuri."

Mambo hayakuishia hapo. Wiki iliyofuata ofisa wa halmashauri anayesimamia ubomoaji alisimama mbele ya waandishi na kuzipanga hoja zilezile za Redio, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule. Akamalizia kwamba hata watoto wa wafanyabiashara wenyewe wameshaelewa. Alhamisi hii halmashauri itawasikiliza wananchi ukumbini. Baada ya hapo itakata shauri.

Redio ameandikisha jina lake. Anataka kusema.

"Maneno yale yalitoka kwangu," binti anasema kwa sauti ndogo, macho chini. Tangu siku ile analala kwa rafiki yake bwenini, mama yake hapokei simu zake. "Wakilivunja, watakuwa wamelivunja kwa mdomo wangu. Nitaishi vipi na hilo?"

Mkuu wa idara amemshauri Mama Hoja akae mbali na jambo hili hadi mambo yapoe. Mumewe amemwambia wazi aombe somo jingine, hata la kufundisha kuandika barua za kikazi. Yeye amekataa yote mawili, ila hofu hajaifukuza. Anasema ana hofu mbili, na ya kwanza kila mtu anaijua: ukumbi utajaa watu wenye hasira, na msichana atasimama mbele yao peke yake.

Ya pili Mama Hoja anaisema kwa kunong'ona, Redio akiwa ametoka kuchota maji ya kunywa.

"Nusu ya pili haikuwa nzuri kama ya kwanza. Sijamwambia. Alipolivunja soko alinisisimua mwili. Alipolitetea alikuwa ameshachoka, alikuwa anaomba tu. Sasa akienda Alhamisi akaomba vile, si nitakuwa nimemchinja mara mbili?"

Ndiyo sababu wako hapa asubuhi hii isiyo na kipindi, mlango umefungwa. Wanafanya mazoezi. Mama Hoja atakaa kiti kimoja aseme kama ofisa wa halmashauri, Redio amjibu. Wamekwishajaribu mara kadhaa siku zilizopita, na kila mara binti anashikwa na kigugumizi palepale kwenye habari ya moto.

Redio anarudi, komeo linafungwa. Hawajaanza, mlango unagongwa.

Mama Hoja anasimama ghafla. Redio anarudi nyuma hadi ukutani. Unagongwa tena, kwa kiganja, na sauti ya kike inasema, "Fungueni. Najua yuko humo."

Mama Hoja anasogeza meza na kufungua. Ni Mama Vitunguu. Amevaa viatu vya mpira vya sokoni, vina tope kavu. Mwenyekiti amemwambia kuhusu jina la binti kwenye orodha ya Alhamisi, naye hakumaliza hata kupanga meza yake. Anamsalimia mwalimu kwa adabu, adabu baridi. Binti anamwamkia shikamoo. Anaitikia bila kumtazama.

"Nimekuja kumchukua," anasema. "Alhamisi haendi kokote. Mwalimu, wewe hujui watu wanasema nini kule. Mimi nashinda nao meza kwa meza, nawasikia."

"Nakuelewa, mama," anajibu Mama Hoja. Baadaye atamwambia mwandishi kwamba sekunde ile alitamani kukubali, amkabidhi mtoto, afunge darasa, arudi nyumbani. 

"Mama, nisikilize mara moja tu," Redio anasema.

"Nilishakusikiliza. Kwenye simu ya muuza nyanya."

  Mama Vitunguu anaangaza darasani, madawati, ubao, viti viwili vinavyotazamana. Anauliza kile kiti kingine ni cha nani. Mwalimu anamweleza kuwa ni cha ofisa wa halmashauri, na kwamba yeye ndiye anayemwigiza ili binti ajizoeze.

"Wewe?" Anamkagua Mama Hoja kutoka juu hadi chini. "Yule bwana alipita mezani kwangu juzi. Hana huruma kama zako. Ukimlegezea hapa, kule atamtafuna. Nipishe."

Anakaa. Mwanzo maneno hayaji, anaona haya, anavuta kitambaa cha kichwani. Anasema soko ni chafu, ananyamaza. Anasema choo ni kimoja, kimefurika tangu mvua. Kisha sauti inabadilika. Anasema akina mama wanashinda bila kunywa maji ili wasikiendee choo kile. Anasema kifua chake hakijapona tangu msimu ule wa kuuza wamesimama majini. Anasema usiku wa moto alikimbia miguu mitupu, na jirani yake aliyerudi kuchukua kisanduku cha mauzo hakutoka tena. "Mnataka tuwaache humo muungue wote ndipo tubomoe?" anamuuliza binti yake, akimnyooshea kidole.

Mama Hoja ameisahau kengele kabisa.  Anamtazama Redio, ambaye amefika palepale anaposhikwa na kigugumizi kila siku, kisha mwalimu anafumba macho.

 "Yote uliyosema ni kweli," Redio anaanza, polepole. "Na aliyekufa nilikuwa namwita mama mdogo. Lakini kilichomuua ni njia iliyoziba. Njia inazibuliwa. Choo kinachimbwa. Miaka yote hii ushuru mnakusanya kila asubuhi, mbona choo hamkuchimba? Mkibomoa Jumatatu, niambieni Jumanne mama yangu atakaa wapi. Nionyesheni hapo mahali. Mkinionyesha, nitakaa chini."

Mama Vitunguu anafungua kinywa kumjibu kama ofisa.  Anajishika mdomo kwa viganja vyote viwili, na mabega yanaanza kutikisika.

"Mwanangu," anasema ndani ya viganja. "Nilivyosema libomolewe, wewe uliamini kwamba nataka hivyo?"

"Sikuamini hata kidogo, mama."

Mama mtu analia waziwazi sasa. Binti anapiga magoti karibu na kiti, na kwa muda mrefu mwalimu hana kazi humu ndani zaidi ya kupanga vikaratasi visivyohitaji kupangwa.

Wakishatulia, Mama Hoja anamwambia Redio asibadili neno hata moja katika alichosema, ila apumue kabla ya kuuliza habari ya Jumanne. Anakiri kwamba bado anaogopa. Ukumbini watakuwa watu mamia, si mama mmoja, na wengi wameiona video bila kuona kitu kingine. Kuhusu sharti lake la darasani, anasema hajui kama ataweza kulitaja tena mbele ya mwanafunzi. Muhula ujao ukimkuta kazini, ataamua.

Tumaini lake ni dogo na analitaja bila kulipamba: Redio amalize sentensi yake ya mwisho kabla hawajamzomea.

Mama Vitunguu anafuta uso, anajifunga kitambaa upya, anasema vitunguu vimeachwa peke yake. Mlangoni anageuka.

"Alhamisi nitakaa mstari wa mbele, katikati kabisa," anasema. "Wakirusha kitu, kinipate mimi kwanza."

Mama Hoja anamwomba amshikie kiti cha pembeni yake.