Mwanangu Alimshangilia Madam, Siyo Mimi

Admin, naomba jina langu lisionekane, huku machimboni tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka 26, naishi upande wa Bugarama na binti yangu wa miaka kumi, nimwite Shija. Baba yake alifuata dhahabu Geita, huko huko akapata mji mwingine. Mimi naponda mawe ya watu, nalipwa kwa ndoo. Usiku mtoto analala ameshiba ugali na mlenda. Asubuhi ndiyo mara nyingi hakuna kitu.

Shija alikuwa wa kusinzia darasani, kila mtihani yuko mkiani. Nilimchapa, nikamwombea, wapi! Mwaka jana akaja mwalimu wa kike, rika langu kabisa, hana mume wala mtoto. Akaanza kuwakimbiza watoto uwanjani kabla ya vipindi, mara waruke kamba, mara wavute kamba, mpaka jasho. Niliposikia nikafunga khanga kiunoni nikaenda shuleni.

"Madam, mtoto hana kitu tumboni, wewe unamkimbiza kama ndama?"

Akasema, "Mama Shija, nisamehe. Sikujua."

Jumatatu yake akaanza kuwapikia uji watoto wanaokuja bila kula, kwa mfuko wake mwenyewe. Hapo ndipo wivu uliponiingia. Najua ningepaswa kushukuru. Lakini mtu baki kumlisha mwanangu kwa sababu mimi nimeshindwa, bora angenitukana.

Mtoto akachangamka. Usingizi ukaisha, hesabu zilizonishinda mimi akawa ananielekeza yeye. Muhula huu amekuwa wa nne. Ila nyumba nzima ikawa Madam. Madam kasema tukae mgongo wima. Madam kasema mwili ukiamka na akili inaamka. Siku moja nikamwambia, "Basi kalale kwa huyo Madam wako!" Akanijibu bila ubaya wowote, "Kwake kuna umeme mama, ningesoma." Nikageukia jiko asinione machozi.

Mwezi uliopita shule iliita wazazi, zikawekwa mbio za akina mama na walimu. Nilipoona Madam anajipanga, nikavua kandambili nikaingia. Jirani yangu akapiga kelele, "We Mama Shija, unamkimbilia bwana gani?" Watu wakacheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilikimbia kwa hasira jamani, tukabaki wawili tu mbele, nasikia hadi pumzi zake. Ndipo nikaisikia sauti ya mwanangu imezizidi zote: "Kimbia Madam! Kimbia Madam!" Nikageuza shingo kumtafuta. Madam akanipita.

Akanikumbatia pale mwisho, eti "Mtoto karithi mbio kwako." Nikacheka kwa meno tu. Njiani nikamuuliza Shija kwa nini kanifanyia vile. Akasema, "Nilijua wewe umechoka, mama. Sikutaka ukimbie sana."

Sasa Madam amehamishiwa Geita mjini. Juzi alikuja kwangu, akakaa juu ya ndoo kwa kuwa sina kiti, akaniomba aende na Shija akamsomeshe, likizo atamrudisha. Kwa upole kabisa. Nikamwambia nipe muda, huku moyoni nasema hapana, hapana, huyu nimemzaa mimi.

Lakini nikitafuta sababu za kukataa, sipati hata moja ya mtoto. Zote ni zangu. Akiondoka huyu mwalimu hakuna atakayepika uji wala kuwakimbiza watoto uwanjani, na mimi nitamwona mwanangu akianza kusinzia tena, mwisho aje kushika nyundo kando yangu. Akienda, naogopa arudi likizo anisalimie kama mgeni.

Shija hajui lolote. Jana nilimwogesha mwenyewe, akacheka sana, "Mama, mimi mkubwa!" Nikamwambia tulia.

Madam anaondoka Jumamosi na anataka jibu. Ninyi mliozaa, nishaurini bila kunitukana: nimwachie aende, au nibaki naye huku najua ninachomnyima?